Nianzie wapi kuwafundisha vijana wangu kujitengenezea gari?

Baba_Ipuli: Wakuu, habari za jioni. Nina vijana wawili, miaka 24 na 27, wote bado wako kwangu hapa Tabora. Probox ikilia kidogo tu, "Baba, hela ya gereji." Nataka wajue oili, plagi na breki. Nianzie wapi?

MamaAsali: Waanze na kuosha vyombo.

Mla_Maembe: Marehemu mzee wangu alikuwa ananishikisha tochi chini ya Land Rover. Mwanga ukicheza, kofi. Mpaka leo nati sijui kufunga, ila kwa tochi niite.

Fundi_Ngambo: Anza na tairi. Nati zilegezwe gari likiwa chini bado, ndipo upige jeki. Na mtu asiingie uvunguni gari likiwa juu ya jeki tupu. Ila mkuu, kimetokea nini?

Baba_Ipuli: Mkubwa alibadilisha pedi za breki juzi. Kurudi rivasi, pedali ikazama mpaka chini, akaukumba ukuta wa jirani.

Fundi_Ngambo: Hakuipampu. Kuingiza pedi mpya lazima usukume pistoni ndani, kwa hiyo kabla ya kuondoka unakanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Gari liko wapi?

Baba_Ipuli: Uani. Jumamosi anampeleka mama yake Kigoma.

Kaka_Ujiji: Kaliua mpaka Uvinza na breki hizo? Gereji, mkuu!

Baba_Ipuli: Fundi wangu nimeshamwambia sirudi tena, na boksi la spana nimenunua. Kijana hujifunza kwa kukosea.

MamaAsali: Akosee na mke wako ndani?

Mnyamwezi_Mmoja: Alibadilisha pedi zipi?

Baba_Ipuli: Mbele na nyuma. Hela nilitoa mwenyewe.

Mnyamwezi_Mmoja: Probox nyuma ni ngoma, ndani zinakaa breki shuu, si pedi. Hizo pedi za nyuma kazifunga wapi, kwenye buti? Hii chai, tena haina sukari.

Kaka_Ujiji: Na mimi nimepoteza bando langu kumshauri!

Baba_Ipuli: Si chai. Mimi mwalimu mstaafu wa historia, spana nimeishika juzi dukani. Ndivyo alivyoniambia.

Fundi_Ngambo: Sasa mzee wangu, darasa lingefundishwa na nani?

Baba_Ipuli: Mkubwa. Angemfundisha mdogo wake, na mimi ningesogeza kiti.

Mla_Maembe: Shikamoo mzee. Za nyuma ulimpa ngapi?

Baba_Ipuli: 35,000. Nampigia, hapokei.

MamaAsali: Mama akate tiketi ya treni.