Mjadala: Mwanamke akaimu ugavana wa Benki Kuu, kisha kiti apewe mwingine?

Wakuu, hoja hii nimekaa nayo miaka. Machi 2006, gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Andrew Mullei, aliposimamishwa kazi, aliyeshika usukani ni naibu wake, Jacinta Mwatela. Tangu benki ile ianze mwaka 1966, hakuna mwanamke aliyewahi kukaa pale. Alikaimu mwaka mzima. Machi 2007 kiti akapewa Profesa Njuguna Ndung'u kutoka nje ya benki, na Mama Mwatela akarudi kwenye unaibu. Mwaka 2008 akahamishwa awe katibu wa kudumu katika wizara mpya ya maendeleo ya kaskazini mwa Kenya. Akakataa, na utumishi wake Benki Kuu ukaishia hapo.

Sina neno na sifa za Profesa, ni msomi wa kweli. Ninachouliza ni hiki: aliyeaminiwa usukani bahari ilipochafuka, kwa nini anyang'anywe ilipotulia?

Na mwaka ule haukuwa wa kutia saini barua tu. Juni 2006, yeye akiwa kaimu, Charterhouse Bank iliwekwa chini ya meneja aliyeteuliwa na Benki Kuu, kufuatia tuhuma za ukwepaji kodi na utakatishaji fedha zilizokuwa zimefika hadi bungeni. Hatua kama hiyo inaumiza wenye akaunti, inakasirisha wenye hisa, na hakuna anayekupigia makofi. Lakini kuchelewa kunaumiza zaidi, na hili nalijua nyumbani. Chama cha akina mama cha mtaani kwetu, mama yangu akiwa mweka hazina, kiliweka akiba kwenye benki moja ndogo iliyokuwa imeoza ndani muda mrefu kabla haijafungwa. Bima ya amana enzi hizo ililipa hadi shilingi 100,000 tu kwa kila mwenye akaunti. Kilichozidi walikisubiri mpaka wengine wakatangulia mbele ya haki. Tangu hapo mkaguzi wa mabenki namheshimu kuliko waziri.

Sasa tazameni Botswana. Linah Mohohlo aliingia Benki ya Botswana mwaka 1976, benki yenyewe ikiwa changa. Akapanda hadi naibu gavana mwaka 1997, gavana mwaka 1999, akakaa hadi 2016. Mwaka 2005, chini yake, pula, sarafu yao, ilishushwa thamani kwa asilimia 12, kisha ikawekwa kwenye utaratibu wa kusogea kidogo kidogo dhidi ya kapu la sarafu za nchi nyingine, ili wafanyabiashara wasiamke tena asubuhi wakakuta pesa yao imepunguzwa kwa mkupuo. Wote wawili walilelewa ndani ya benki. Mmoja ngazi ilimfikisha juu, mwingine ikamwishia katikati.

Msimamo wangu: mtu akikaimu ugavana zaidi ya miezi sita, asailiwe hadharani kwa kiti hicho, na asipopewa, umma uelezwe sababu. Na naibu gavana asihamishike kama karani. Karibuni.

Mdau wa Dodoma: Mkuu, nakuheshimu lakini napinga. Mfumuko wa bei haumjui mume wala mke. Kenya ya leo nafasi hutangazwa, watu wanasailiwa na Bunge linaidhinisha. Ilikuwa hivyo 2015 na 2023. Ulichosimulia ni cha enzi ya zamani. Ukianza kuhesabu jinsia Benki Kuu, kesho utahesabu na makabila.

Mleta mada: Ndugu yangu, soma tena, sijaomba idadi. Nimeomba sababu. Na kwa kuwa umetaja miaka hiyo: 2015 gavana mwanamume, naibu Sheila M'Mbijjewe. 2023 gavana mwanamume, naibu mmojawapo Susan Koech. Kwenu Dodoma, tangu Edwin Mtei mwaka 1966 hadi Emmanuel Tutuba ni magavana wanane, wote wanaume. Dk. Natu Mwamba alikuwa naibu gavana, na baadaye akaaminiwa ukatibu mkuu wa Wizara ya Fedha nzima. Uwezo upo. Unaibu ndio umekuwa dari. Rwanda wamelitoboa: Soraya Hakuziyaremye aliingia naibu gavana 2021, na Februari 2025 akawa gavana.

Mwana Lubumbashi: Huku kwetu tulimpata Mama Malangu Kabedi Mbuyi mwaka 2021, mwanamke wa kwanza kuongoza Benki Kuu ya Congo, baada ya miaka mingi Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Faranga iliporomoka 2023, akapandisha riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 11 hadi 25 kwa mara moja, mwezi Agosti. Sokoni watu walimlaumu yeye kwa jina, kana kwamba ndiye aliyeleta vita na matumizi makubwa ya serikali. Magavana waliomtangulia sikuwahi kusikia mama muuza samaki akiwataja. Mleta mada, hili nalo liweke mezani: mwanamke akipewa kiti, hupewa na lawama ambazo si zake.

Mdau wa Dodoma: Hilo la Congo limenigusa, nakiri. Lakini Mohohlo wako alikaa miaka 17! Huo ni mfano mzuri kwa lipi? Kenya ni miaka minne, na kurudia mara moja tu. Benki Kuu kuwa na mtu mmoja muda wote huo ni hatari, awe baba au mama.

Mleta mada: Hapo umenishika. Miaka 17 ni mingi mno, na nisingeipendekeza kwetu. Nilimtaja kwa jinsi alivyofika, si kwa muda aliokaa. Lakini bado hujanijibu la sababu. Katiba ya Kenya, ibara ya 27, inataka vyombo vya kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja, na hapo kuna gavana mmoja na manaibu wawili. Mwanamke mmoja akiwa naibu, hesabu imetimia, na kiti cha juu hakijaguswa. Wewe ungekuwa mbunge kwenye kamati ya fedha siku ya kuidhinisha gavana ajaye, ungeuliza swali gani?

Mdau wa Dodoma: Ningeuliza manaibu walisailiwa lini, na walipata alama ngapi.