Ulinganisho: puto la gramu 600 au la gramu 1,500 kwa kielelezo cha setilaiti, tukirushia mkoa wa Tanga

Mwalimu wa Chumbageni (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Wanafunzi wa klabu yetu ya sayansi hapa Tanga mjini wametengeneza kielelezo cha setilaiti ya Uhuru, ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikawa setilaiti ya kwanza kutengewa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani. Mwili wake ni wa kadibodi na povu jeupe la masanduku ya samaki, mabawa yake manne ya sola ni kadi ngumu iliyobandikwa foili ya jikoni, na ukijumlisha kamera, betri na parachuti, mzigo wote unakaribia kilo moja. Tunataka puto likipandishe hadi mbingu ionekane nyeusi na upeo wa dunia uonekane umepinda, kisha tukiokote kikiwa kizima.

Tumebakiwa na chaguo mbili. Puto la mpira la gramu 600 (huo ni uzito wa puto lenyewe likiwa tupu), likijazwa takriban mita za ujazo 2.3 za heliamu, kwa hesabu zetu litapasuka karibu na kilomita 28. Lile la gramu 1,500 litahitaji takriban mita za ujazo 3.3, nalo litafika kama kilomita 34. Wanafunzi wote, bila shaka, wanalitaka kubwa. Naomba maoni yenu, pamoja na ushauri kuhusu mahali pa kurushia, kwa kuwa wengi wanapendekeza ufukwe wa Raskazone kwa sababu ni peupe.

Mpimahewa

Mwalimu, swali lako la mahali ndilo lenye uzito, na ndilo litakalokuamulia hata la ukubwa. Watu wa pwani tunaijua kusi na tunaijua kaskazi, na kwa kuwa zote mbili kwa kawaida husukuma kutoka baharini kuingia bara, ni rahisi kudhani kwamba puto nalo litaingia bara. Pepo hizo ni za chini tu. Puto likishapita kilomita 20 linaingia katika pepo za ukanda wa ikweta ambazo hubadilishana mwelekeo, kipindi zikivuma kutoka mashariki na kipindi kutoka magharibi, kwa mzunguko wa wastani wa miezi 28 hivi. Zikiwa za mashariki, utakifuata kielelezo chako kwa pikipiki. Zikiwa za magharibi, utakitafuta upande wa Pemba.

Sasa rudi kwenye ukubwa. Puto linalopanda kwa mita 5 kwa sekunde huchukua dakika 20 kutoka kilomita 28 hadi 34. Upepo wa huko juu ukiwa wa mita 20 kwa sekunde, jambo ambalo si la ajabu, dakika hizo pekee zinalisogeza puto kilomita 24 zaidi. Mamlaka za hali ya hewa duniani hurusha maputo ya vipimo kwa wakati mmoja, kwa saa zetu saa tisa usiku na saa tisa alasiri, na vipimo vyake vinapatikana mtandaoni. Tazama pepo za juu ya kilomita 20 kwa majuma kadhaa kabla hujaagiza puto lolote.

Binti Pangani

Naunga mkono dogo, ila kwa sababu nyingine. Ukiwa kilomita 28, zaidi ya asilimia 98 ya hewa yote ya dunia iko chini yako, kwa hiyo weusi wa mbingu unaoutafuta umekwisha kuupata. Upeo wa macho kutoka hapo uko karibu kilomita 600. Kutoka kilomita 34 uko karibu 660. Kwa kamera ndogo, picha mbili hizo zikiwekwa pamoja sidhani kama mwanafunzi ataweza kukuambia ipi ni ipi. Na hakuna hata moja iliyo angani kwa maana ya kitaalamu, kwa kuwa mpaka unaotumiwa zaidi ni kilomita 100.

Fundi Redio

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Puto kubwa si lazima lifike juu kabisa. Ukilijaza gesi zaidi, litapanda kwa kasi zaidi na kupasuka mapema zaidi, hivyo muda wa kupeperushwa unapungua. Ukilijaza kwa kiasi, litapanda taratibu na kufika juu zaidi. Dogo halikupi uhuru huo, hasa mzigo ukiongezeka, na mizigo ya wanafunzi huongezeka kila siku mpaka asubuhi ya kurusha. Gharama yake ni gesi. Wapo watakaokuambia utumie haidrojeni kwa sababu ni nafuu na huinua zaidi, lakini tofauti ya kuinua ni takriban asilimia 8 tu, na kwa asilimia hizo siwezi kuweka gesi inayoshika moto kwa cheche katikati ya watoto.

Kuhusu kufuatilia, msitegemee simu peke yake. Mtandao wa simu hupotea kilomita chache tu kutoka ardhini, kwa hiyo simu itafaa baada ya kutua, kama imetua penye minara. Tumieni kirusha redio, na hakikisheni kipokezi cha GPS kinaweza kuwekwa katika hali ya kuruka, kwani vingi vya kawaida huacha kutoa mahali vikipita kilomita 18, hapo hapo mnapokihitaji zaidi. Masafa ya redio yaombewe kibali TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema.

Mzee wa Korogwe

Raskazone iacheni, jamani. Bahari iko miguuni. Tena wakati wa kusi, ukirushia Tanga mjini, puto likiwa bado chini linaelekea kaskazini-magharibi, na mpaka wa Kenya pale Horohoro hauko mbali. Kifurushi chenye nyaya na betri kikitua upande wa pili bila taarifa, maelezo yake ni marefu. Huku kwetu Korogwe mashamba ya mkonge ni mapana, lakini milima ya Usambara iko jirani, na parachuti likishika kwenye mti wa msituni mtaliona kwa macho tu. Handeni ndiko ningekwenda. Iko karibu kilomita 100 magharibi ya Pangani, pana uwazi, na upepo wa magharibi wa huko juu una nafasi ya kutosha kabla haujafika baharini. Kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni lazima popote mtakaporushia.

Binti Pangani

Nyongeza kuhusu kielelezo chenyewe. Karibu na kilomita 17 joto hapa kwetu ukanda wa joto hushuka hadi nyuzi 80 hivi chini ya sifuri. Gundi ya kuyeyusha kwa moto hukakamaa na kuachia, kwa hiyo mabawa yashonwe kwa uzi pamoja na kugundishwa. Mwili utobolewe vitundu, la sivyo hewa iliyofungiwa ndani itaupasua. Betri ziwe za lithiamu zisizochajiwa, kwa sababu za kawaida huzimika kwa baridi. Na mabawa manne yatashika upepo na kuzungusha kila kitu. Uhuru yenyewe ilijizungusha mara moja kwa takriban dakika 12, kwa hiyo kielelezo kuzunguka si dosari, lakini kamera ikizunguka kwa kasi hiyo ya upepo hamtapata picha ya kutazamika. Fungeni kamera na kielelezo kwenye ufito mmoja, na juu yake muweke kiungo kinachozunguka kwa uhuru.

Mwalimu wa Chumbageni

Nashukuruni sana. Hoja ya Fundi Redio nimeielewa, ila bajeti ya gesi haituruhusu, kwa hiyo tunachukua la gramu 600, turushie Handeni, katika kipindi ambacho vipimo vitaonyesha upepo wa juu ni wa mashariki. Limebaki swali moja: wanafunzi wanataka mzigo uning'inizwe kwa kamba ya katani, kwa heshima ya mkoa. Inafaa?

Mpimahewa

Kamba nene ya katani haifai, Mwalimu. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, puto lenye mzigo usiofika kilo 4 huhesabiwa kuwa jepesi, lakini kamba ikihitaji nguvu ya nyutoni 230 au zaidi ili ikatike, puto hilo hilo linahesabiwa kuwa zito, na masharti yake ni mengine kabisa. Shabaha ni kwamba ndege ikigongana na kamba, kamba ndiyo ikatike. Tumieni uzi mwembamba wa nailoni, na muupime kwa kuning'iniza ndoo ya maji: uzi unaobeba lita 23 bila kukatika umekwisha kuwa na nguvu kupita kiasi. Katani wasukie mkia mfupi chini ya kisanduku kama wanaitaka sana.