Malaika mzee wa Márquez: filamu au video ya wimbo, ipi imeitendea haki hadithi?

Wapenzi wa fasihi, naomba tulijadili hili kwa uwazi.

Mwaka 1968 Gabriel García Márquez wa Colombia aliandika hadithi fupi ya mzee mwenye mabawa makubwa aliyeanguka uani kwa Pelayo na Elisenda. Wakamfungia kwenye banda la kuku, kisha Elisenda akaanza kutoza kiingilio cha senti tano. Mwaka 1988 Fernando Birri wa Argentina aliitengenezea filamu, na yeye mwenyewe akaigiza huyo mzee. Mwaka 1991 Tarsem Singh akaongoza video ya wimbo wa bendi ya Marekani R.E.M., "Losing My Religion", na akachota humohumo: mzee mwenye mabawa anaanguka, watu wanamgusagusa. Ikanyakua tuzo ya MTV ya video bora ya mwaka.

Wapo wanaoshikilia kwamba filamu ndiyo mrithi halali, video imenyofoa mabawa tu na kuiacha hadithi. Napinga, tena kwa nguvu zote.

Kumbukeni nani aliyempokonya mzee umati wake. Ni yule msichana wa hadithini aliyegeuka mdudu buibui kwa kutoroka nyumbani kwenda dansini. Kiingilio cha kumwona kilikuwa nafuu, alijibu maswali, na kisa chake kilikuwa na funzo la wazi. Malaika hakuwa na la kueleza. Padri Gonzaga alimsalimia kwa Kilatini, malaika hakuelewa. Walimchoma ubavuni kwa chuma cha kutilia ng'ombe alama, akazinduka machozi yakimlengalenga, akibwata kwa lugha isiyojulikana. Basi. Watu walitaka maelezo, na maelezo hayakuwepo. Kwangu mimi hadithi yote imesimama hapo.

Video imelishika hilo barabara. Haisemi mzee katoka wapi wala kwa nini kaanguka. Kijana aliyeitazama bila kumjua Márquez aliachwa palepale alipoachwa Pelayo, mbele ya kiumbe asiyefasirika.

Ila wimbo wenyewe haumtaji Márquez, na hilo linaniuma. Msanii anayechota kwa mwandishi angemtaja waziwazi, ili anayevutiwa na picha apate njia ya kuifikia hadithi.

Sasa mnaotetea filamu, nielezeni: kwa nini kufuata mpangilio wa matukio kuhesabiwe kuwa uaminifu mkubwa kuliko kulinda fumbo? Na mliosoma hadithi kabla ya kuiona video, mlimtambua mzee wenu mle ndani?