Maktaba ya wilaya, Jumamosi kwa muda wa saa mbili tu: watoto, wazima au kompyuta?

Kisomo_Tanga
Wadau, naomba mawazo. Mkutubi wa maktaba yetu ya wilaya, mji mdogo mkoani Tanga, amekubali tuwe na shughuli ya wananchi kila Jumamosi, saa 4 hadi saa 6 mchana. Wa kujitolea tupo wanne, hela hatuna. Chumba ni kimoja na kimejaa vijana wa kidato cha nne waliokuja na madaftari yao; kitabu cha maktaba hawagusi, shida yao ni meza na utulivu. Tunavutana kati ya mambo matatu: hadithi za watoto, klabu ya wasomaji wazima, na darasa la kompyuta (zipo tano, zinazowaka mbili). Mngeanza na lipi?

MamaPacha
Watoto, hapo hata sifikiri. Nimesimulia hadithi maktabani miaka miwili. Kitabu kimoja chenye picha kinatosha watoto thelathini, ukikiinua na kukizungusha taratibu. Hao wazima kila mmoja atataka nakala yake.

Ila kelele ipo. Siku ya kwanza nilisema "Hadithi hadithi!", wakaitika "Hadithi njoo!" paa likataka kung'oka. Kijana mmoja akafunga daftari akatoka, ananitazama kama nimemlia mtihani wake. Kuanzia hapo tukahamia chini ya mti.

Halafu angalia umri. Wa miaka minne na wa darasa la tano hawakai mkeka mmoja: mdogo anataka kuimba, mkubwa anataka asome mwenyewe wenzake wamsikie. Sisi tuliwachanganya, mwezi haukuisha wakubwa wote wakapotea. Tulipowafanya wao ndio wasomaji wa wadogo, wakarudi.

Drafti_Bingwa
Wazima hawaji maktaba kwa sababu kijiwe kipo. Wekeni drafti na bao barazani, magazeti pembeni. Mtanishukuru.

Kisomo_Tanga
Na ukimya je, mkuu?

Drafti_Bingwa
Bao halina kelele. Wenye kelele ni mashabiki.

Vitabu_Nyikani
Nawasoma nikiwa Garissa, Kenya. Huku kwetu Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996, maana wafugaji wanahama na jengo halihami. Ngamia mmoja anabeba makasha ya vitabu, mwingine hema, na hema likishasimama watoto wanakaa mikekani wanasoma. Nakuuliza hivi: Jumamosi saa 4 watu wa mji wenu huwa wapi? Kama ndiyo siku ya gulio, hao wazima utawasubiri mpaka uote mizizi.

Kisomo_Tanga
Umenishtua. Gulio letu ni Jumamosi kweli! Akina mama hawaachi biashara mpaka jioni, na jioni maktaba imefungwa. Lakini watoto wao wanazurura tu nyuma ya meza za nyanya, mita mia mbili kutoka hapo.

Bi_Kurasa
Msiwazike wazima mapema hivyo. Hilo la nakala lina dawa: tunasoma kwa sauti, kwa zamu. Nusu saa kusoma, nusu saa kubishana. Tulianza na ukurasa wa mashairi ya wasomaji gazetini, akajitokeza mzee mmoja muuza mkaa, kumbe anazijua mizani za shairi kuliko walimu wetu wote. Sasa yeye ndiye anayetusahihisha. Hatujawahi kuzidi kumi na wawili, nakubali, na kwa kujaza mkeka watoto wanatushinda. Ila paa la maktaba lilipovuja, waliokwenda kubisha hodi ofisi ya mkurugenzi ni sisi hao hao wachache. Mtoto wa miaka sita hapeleki barua halmashauri.

Luku_Imeisha
Nimefundisha kompyuta kwenye hali kama yenu. Mashine mbili, watu kumi na wanne: kumi na wawili wanatazama mgongo wa mwenzao. Umeme ukikatika, mmeagana. Na somo la "hiki ni kipanya" halina mteja siku hizi, simu zimeshawafundisha.

Wanachokijia ni fomu. Mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni, kazi za serikali zinaombwa mtandaoni, na anayekwenda stesheneri anajaziwa kila kitu halafu nywila inabaki kwa mwenye duka. Sasa fungueni meza ya fomu msimu wa mikopo peke yake, mkimaliza mfunge. Mwenye fomu ajaze kwa mkono wake, nyie muwe pembeni. Mkijaza nyie, likikosewa jina mtatafutwa hadi nyumbani.

Kisomo_Tanga
Basi tumeamua. Tunaanza na watoto chini ya mwembe wa nyuma, dirisha la vijana liko upande wa pili. Wa darasa la tano na la sita ndio watakaowasomea wadogo, na mmoja wetu atapita gulioni saa 3 na nusu kuwaomba akina mama watoto wao. Meza ya fomu tutaiweka matokeo ya kidato cha sita yakitoka. Bi Kurasa usininunie: nimemwomba mkutubi jioni moja kwa mwezi kwa ajili ya wazima. Hajajibu bado.

Drafti_Bingwa
Na bao?

Kisomo_Tanga
Lete lako, mkuu. Mashabiki uwaache nyumbani.

MamaPacha
Viti au mikeka?

Kisomo_Tanga
Mikeka. Viti vya maktaba havitoki nje, nimeshaambiwa mara mbili.