MREJESHO: Tangazo lililogoma kutoka kwenye skrini

Asanteni mliojibu. Kwa aliyepitwa: skrini ya mgahawa inaendeshwa na Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) yenye Anthias (programu ya kupanga na kuonyesha matangazo kwenye skrini), na bango la ofa lililopangwa kuisha Ijumaa saa 4 usiku (kwenye fomu ya ratiba 22:00) lilikuwa bado linaonekana Jumamosi asubuhi.

Ratiba haikuwa na kosa, saa ndiyo iliyodanganya. Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika, ikiwaka tena inaendelea na muda wa mwisho iliouhifadhi, na bila intaneti haina pa kujirekebishia. Umeme ulikatika saa 2 usiku, ukarudi asubuhi, ruta haina bando. Kwa Pi bado ilikuwa Ijumaa usiku.

Dawa imekuwa DS3231, kimoduli cha saa chenye betri. Nyaya nne tu: VCC (umeme) pini 1, SDA (data) pini 3, SCL (mapigo ya saa) pini 5, GND (ardhi) pini 9. Tafadhali msichomeke VCC kwenye pini 2, ile ni volti 5. Washa I2C (njia ambayo Pi inazungumza na kimoduli) kwenye raspi-config (menyu ya mipangilio ya Pi), ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye faili la config.txt, ondoa fake-hwclock (programu inayohifadhi ule muda wa mwisho), kisha washa upya. Amri i2cdetect -y 1 ikionyesha UU mahali pa 68, imekubali. Intaneti ikiwepo, andika muda sahihi kwa sudo hwclock -w.

Jaribio: weka bango linaloisha baada ya dakika 10, chomoa mtandao na umeme, subiri dakika 20, washa. Bango halikurudi.