Nyimbo zangu za siri zimevuruga mapendekezo ya Spotify, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Natumia akaunti moja ya Spotify, programu ya kusikiliza muziki mtandaoni. Kawaida yangu ni jazi na taarabu ya zamani, ila wakati wa usafi naweka pop za kulialia ambazo sithubutu kuzipiga mbele za watu (nazipenda, sikatai). Sasa Discover Weekly (orodha ya nyimbo ambayo Spotify hunipendekezea) ya kila Jumatatu imejaa vilio vitupu.

Nimejaribu kipindi cha faragha (kusikiliza bila kuathiri mapendekezo), lakini hujizima chenyewe baada ya muda nami husahau kukiwasha tena. Orodha ya nyimbo za usafi nimeiondoa kwenye wasifu wa ladha (kumbukumbu ya muziki ninaousikiliza, ambayo Spotify huitumia kupendekeza nyimbo). Imesaidia kidogo tu, nadhani kwa sababu wimbo wa mwisho ukiisha programu huendelea yenyewe na nyimbo zinazofanana, ambazo hazimo kwenye orodha ile. Uchezaji huo wa kujiendeleza nimeuzima juzi.

Naomba kujua: mapendekezo hunyooka baada ya wiki ngapi, au bora nifungue akaunti ya pili? Na wimbo nikiuruka kabla ya sekunde 30, bado unahesabika kwenye ladha yangu?

Natanguliza shukrani.