Taa za vifuu vya nazi kwa darasa la chekechea: nipake nini badala ya vanishi?

MwalimuWaMuheza
Habari za humu jamani. Nafundisha chekechea. Darasani tuna kona ya hadithi, ina giza kwa sababu dirisha limezibwa na mwembe. Nataka kuning'iniza taa za vifuu, na moja ya ukili, ule msuko mwembamba wa majani ya mkindu, ikiwezekana. Vifuu ninavyo bure, mama wa jikoni ananiwekea akishakuna nazi. Fundi wa mtaani anasema nipake vanishi, ila tuna mtoto mwenye pumu na ile harufu siitaki. Mwingine kaniambia mafuta ya ganda la korosho, eti ya asili, ndugu yake ataleta kutoka Masasi. Mapambo nilifikiria zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, macho ya tipitipi, zimejaa kwenye ua wa shamba letu. Nishaurini, na umeme niufanyeje?

FundiKifuu_Pangani
Mwalimu, pole na kazi. Naanza na mbegu: hizo usiziingize darasani hata moja. Macho ya tipitipi yana sumu kali mno. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi huipitisha salama, lakini ikitafunwa, au ikitobolewa ili itungwe, sumu inapata njia. Mtoto wa miaka minne akiona kitu chekundu kinang'aa anakipeleka wapi? Zilizoko uani pia waoneshe wasizichume.

Mafuta ya ganda la korosho nayo acha. Ni ya asili kweli, na yanababua ngozi. Wanaobangua korosho kwa mikono wanayajua malengelenge yake. Watu wakisikia "asili" wanadhani ni salama. Sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka ya kupaka mashua, nayo ni ya asili, ipake darasani uone kama kuna mtoto atakayebaki!

Kifuu chenyewe hakihitaji makubwa. Kwangua nyuzi kwa kipande cha chupa, kisha msasa: anza na namba 80, nenda 120, 240, malizia na 400. Hapo tu kinaanza kung'aa chenyewe. Fanya kazi hii nje, na vaa barakoa, vumbi la kifuu ni laini na linakwenda moja kwa moja kifuani. Kisha sugua nta ya nyuki, kianike juani kidogo nta iingie, futa kwa kitambaa cha pamba mpaka mkono usinate. Ukitaka kuiyeyusha, weka kikopo cha nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke nta juu ya moto wenyewe. Mafuta ya nazi siyapendi kwa kazi hii. Hayakauki, vumbi lote la darasa litaganda pale.

Umeme sasa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo globu ya zamani ya wati 60 itakuchuruzishia nta na kuunguza ukili. Tena kwa watoto wadogo mimi nisingepeleka volti 230 kwenye kitu kinachoning'inia. Nunua taa ndogo za LED za volti 5, zile za kuchomeka kwenye chaja ya simu. Chaja iwe juu, mkono wa mtoto usifike, waya upite ukutani. Na utoboe matundu juu ya kifuu pia, siyo pembeni tu, joto lipate pa kutokea. LED ikifungiwa hufa mapema.

Kijana_Makorora
Fundi, vanishi ikikauka wiki mbili si harufu imeisha? Naona mnamtisha mwalimu bure.

FundiKifuu_Pangani
Kijana, una hoja, ikikauka sawasawa harufu hupungua sana, na siku hizi kuna vanishi za maji zisizonuka hivyo. Lakini kwa mtoto wa pumu, na kifuu ambacho msasa peke yake unakitosha, sioni sababu ya kununua kopo.

BiMkubwa_Wete
Mwanangu mwalimu, wengine wamesema ya vifuu, mie nitasema ya ukili. Ukili hautiwi gundi, hushonwa. Chukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, na uzi wa ukindu uleule, uzungushe mistari ukianzia juu kama unashona kikapu kidogo kisicho na kitako, uache nafasi kidogo baina ya mstari na mstari mwanga upenye. Usiutie rangi. Watu hupenda manjano, lakini rangi yake huruka upesi ikipigwa na jua. Ukindu mweupe uliochemshwa ukaanikwa, taa ikiwaka unapendeza wenyewe. Masika ukiona koga, utoe nje jua la asubuhi, uupanguse kwa kitambaa kikavu.

Ukitaka kubandika karatasi, pika uji mzito wa wanga wa muhogo, utie matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu usiote ukungu. Hayo mafuta ni makali, usiyashike kwa mikono mitupu, na watoto wasiyachezee.

MwalimuWaMuheza
Shikamoo Bi Mkubwa, asante. Fundi, asante nawe, mbegu nimeshazitupa chooni. Swali moja: vifuu vyangu vyote ni nusu nusu kwa sababu vimepitia kwenye mbuzi. Navyo vinafaa?

BiMkubwa_Wete
Marahaba mwanangu.

FundiKifuu_Pangani
Vinafaa sana, na nyama imeshatoka, kazi nusu umefanyiwa. Chagua nusu mbili za nazi zinazolingana mdomo, toboa ukingo wa kila moja kila baada ya sentimita mbili, tundu la milimita 3, uzishone kwa kamba nyembamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Usikaze kupita kiasi, kifuu kikavu hupasuka. Ile nusu yenye macho matatu iwe juu: jicho laini ndilo utakalopitishia waya. Piga fundo kwa ndani, ili waya ukivutwa mzigo usiangukie kwenye taa.

Ukikwama kwenye kutoboa, tumia drili ya mkono polepole, na bandika kwanza utepe wa karatasi pale unapotoboa, ncha isiteleze.